Namba Inashuka, Nyumba Inapakwa Rangi

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi ya hospitali ukingoja jina lako liitwe, fanya jambo moja kabla hujaendelea. Mtazame aliyekuleta. Kama anakutazama usoni, sawa. Kama anatazama simu yake huku akikuuliza tena na tena kama umekunywa maji, basi kuna jambo analijua nawe hulijui. Niliishi na watu wa namna hiyo karibu mwaka mzima, na ninawapenda, ni wanangu. Naandika kwa ajili yako mgonjwa, hasa kama umri umekwenda kama wangu, maana sisi wazee ndio tunaofichwa zaidi.

Nilifundisha shule za msingi mjini Kisumu mpaka nikastaafu, na kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa mitihani. Msimamizi hamwamini mtu. Mtoto akikohoa mara mbili, huenda anamwambia mwenzake jibu ni B. Akiomba ruhusa ya kwenda msalani, unamtazama soksi. Kazi hiyo iliniachia macho ambayo hayakustaafu pamoja nami. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata Yesu akirudi nitamwomba kitambulisho kwanza. Nayasema haya ili ujue ni nani anayekusimulia, usije ukadhani kila mgonjwa wa saratani ni mkorofi hivi.

Kikohozi kilianza msimu wa sami, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa wingi na kuingia hadi kwenye chai. Nilidhani nimemeza mmoja. Sami wakaisha, kikohozi kikabaki. Nilikuwa naishi Kaloleni na binti yangu Akinyi, na usiku nilikuwa nakoholea kwenye mto ili asinisikie. Zahanati ya kwanza walipima makohozi, hayakuonyesha kitu, lakini wakanipa dawa za kifua kikuu hata hivyo, eti tujaribu. Nikazimeza miezi. Mkojo ukawa mwekundu kwa sababu ya zile dawa, sketi ikaanza kunizunguka kiunoni, na jirani yangu mmoja akaanza kutenga kikombe changu kando ya vikombe vingine. Alidhani sioni.

Siku niliyoona damu kwenye leso, nilijua yale mambo ya kujaribu yamekwisha. Akinyi akanipeleka hospitali kubwa. Nikapigwa picha, nikaingizwa sindano ndefu mgongoni wachukue kipande cha nyama, nikarudishwa nyumbani kungoja. Majibu yalipotoka, yalisema ni saratani ya mapafu, tena imeshatembea kidogo.

Swali la kwanza la kila mtu lilikuwa moja. Muuguzi aliuliza, "Mama, ulikuwa unavuta?" Nikasema hapana. Akaandika, kisha akaniuliza tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa nafasi ya kutubu. Mchungaji alizunguka kwanza, akaongea kuhusu ujana na mambo ya ujana, ndipo akafika kwenye sigara. Shemeji yangu kutoka Asembo Bay hakuzunguka: "Shemeji, sema tu, walimu wengine walikuwa wanajificha huko staffroom." Sijawahi kuweka sigara mdomoni. Lakini nimepika kwa kuni tangu nikiwa msichana, na hakuna aliyeniuliza habari ya kuni. Mimi niliyezoea kushuku watu nikawa nashukiwa mimi. Iliniuma kuliko sindano.

Daktari wa saratani alikuwa binti mwenye sauti ya upole na kucha fupi. Alinieleza kwamba nitapewa dripu kila baada ya wiki tatu, na kabla ya kila dripu nitatolewa damu. Sehemu ya damu ni ya kuangalia kama mwili unaweza kuhimili dawa. Sehemu nyingine ni ya kipimo chenye herufi tatu, CEA.

"Kuna vitu uvimbe unaachia kwenye damu," alisema. "Tunavipima. Ikishuka, ni dalili nzuri. Ikipanda, tunaangalia zaidi. Lakini peke yake haitoshi, Mwalimu. Kwa watu wa umri wako inaweza kupanda kwa sababu nyingine pia."

"Na hiyo namba nitaiona wapi?"

"Maabara wanatuma kwa simu. Una WhatsApp?"

Simu yangu ni mulika mwizi, ina tochi na haina zaidi. Basi ikachukuliwa namba ya Akinyi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na sikuliona. Mtu aliyekataza watoto kubeba hata karatasi tupu ndani ya chumba cha mtihani alikubali majibu ya damu yake yapitie mkononi mwa mwingine.

Chumba cha dripu kilikuwa na viti vya kulalia, na dirisha moja lililotazama mgomba. Nilijifunza kuvaa blauzi ya mikono mipana. Mishipa yangu ilikuwa inakimbia, na kulikuwa na muuguzi mmoja wa kiume aliyejaza glavu maji ya moto akaniwekea juu ya mkono mpaka mshipa ukajitokeza wenyewe. Kama hospitali yako hawafanyi hivyo, waombe. Baada ya dripu ya pili nywele zilibaki kwenye kitana, nikamwambia Akinyi azinyoe zote. Kucha ziliingia weusi. Vidole vya miguu vilikufa ganzi, nikawa navaa kiatu bila kujua kimekaa vizuri au la. Kilichonishangaza zaidi ni samaki. Mimi mtu wa ziwa, niliyelelewa kwa omena, nikawa siwezi kupita karibu na sufuria ya samaki. Harufu ilinitapisha. Miezi hiyo niliishi kwa uji wenye ndimu na viazi vitamu.

Katika chumba hicho nilimpata Mama Nafula. Alikuwa anauza nyanya Nyalenda, na yeye ugonjwa wake ulikuwa wa titi. Alikuwa na mdomo, Mungu ambariki. Siku ya kwanza alinitazama nilivyokuwa nikisoma maandishi kwenye chupa ya dripu yangu, akasema, "Wewe ni mwalimu ama polisi?" Tukawa marafiki. Alinifundisha kunyonya kipande cha tangawizi dripu ikiingia, na kumcheka mgonjwa yeyote anayekataa kula kabla hajachomwa sindano.

Kila baada ya damu kupimwa, Akinyi aliniambia, "Mama, imeshuka." Mara ya kwanza nilifurahi, nikamwimbia Mungu jikoni. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nilitazama jinsi alivyosema. Alisema akiwa anakunja nguo, mgongo kwangu.

"Imeshuka mpaka ngapi?"

"Imeshuka tu, Mama. Daktari amefurahi sana. Kula hii mayai."

"Nionyeshe."

"Simu iko kwa chaji."

Kitu kikaamka ndani yangu. Nikaanza kutazama.

Mwanangu Ochieng alikuja kutoka Nairobi bila sikukuu na bila sababu. Akanikalisha kibarazani mchana mweupe, akasema nivae kile kitenge cha zambarau na kilemba kifunike kipara. "Mama, smile kidogo. Nataka picha yako nzuri." Alinipiga nyingi, uso na mabega tu, nyuma yangu ukuta mweupe. Mtu yeyote aliyehudhuria mazishi kwetu anaijua picha ya namna hiyo. Ndiyo inayowekwa kwenye fremu na kubebwa mbele ya jeneza.

Wiki iliyofuata Akinyi, akichambua mboga, akaniuliza kama mtu anayepiga soga tu: "Mama, kwani ulianzia kufundisha shule gani?" Nikamwambia. "Na ulibatizwa mwaka gani? Na wale ndugu zako waliokufa wadogo, majina yao yalikuwa nani?" Nikajibu yote huku nikimtazama. Binti yangu ana miaka zaidi ya arobaini na hajawahi kuuliza nilibatizwa lini. Hayo ni maswali ya historia ya marehemu, ile inayosomwa kwenye kipaza sauti kabla ya mahubiri. Nilitamani kumpa jibu moja la uongo nione kama litasomwa.

Wanawake wa kanisa nao wakaanza kuja kwa zamu, wakiomba kwa sauti ya mtu anayeaga. Hofu ikanishika kweli, sikulala. Sikuogopa sana kufa. Niliogopa kufa nikiwa wa mwisho kujua. Nilikuwa na mambo ya kusema na watu wa kuwaambia, na kama muda wangu ulikuwa umebaki mfupi nilitaka niutumie mimi mwenyewe, si wao waupange nyuma ya mgongo wangu. Na tena, kama dawa haifanyi kazi, kwa nini niendelee kutapika?

Nikamweleza Mama Nafula siku ya dripu. Alisikiliza akitafuna tangawizi.

"Mwalimu, hiyo si ngumu. Mimi nikipimiwa nyanya kwa mizani ya mtu, nikifika kwangu napima tena. Wewe enda upime kwingine. Damu ni yako."

Akanisindikiza mwenyewe hadi maabara ya watu binafsi mjini, siku ileile niliyokuwa nimetolewa damu hospitali. Nikatoa tena mkono wa pili. Akinyi aliporudi jioni na wimbo wake wa imeshuka, nilimkaba mpaka akaitaja namba. Kesho yake nikachukua majibu ya maabara ile nyingine. Damu ni yangu, ya siku moja, asubuhi moja, nayo ilisema namba karibu mara mbili ya ile aliyoniambia mwanangu.

Sikumwambia neno. Nilipika chai, nikanywa. Nikajiambia, nimewakamata.

Dripu iliyofuata sikwenda. Asubuhi hiyo Akinyi alipotoka kwenda kazini mapema, akiniambia atanikuta hospitalini, nilifunga kitambaa kichwani, nikachukua mkoba nikaenda zangu nyumbani Asembo Bay, kwenye boma alilonijengea mume wangu. Mvua za opon zilikuwa karibu, zile za mwisho wa mwaka, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa. Nilitaka kukaa kwenye kiti changu, ndani ya nyumba yangu, nifikirie.

Nilipofika sikuitambua nyumba. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, kijani ya zahanati, rangi nisiyoipenda tangu utotoni. Mabati ya mbele yalikuwa mapya. Ua ulikuwa umefyekwa hadi kwenye migomba, choo kipya kilikuwa kimejengwa, na mafundi wawili walikuwa wanang'oa nguzo za lango ili walipanue. Nikasimama pale. Kwetu, nyumba ya mtu ikianza kutengenezwa ghafla na mwenyewe ni mgonjwa, hata mbwa wa boma anajua kinachongojwa. Lango hupanuliwa ili gari kubwa lipite, na gari kubwa ni lile linalotoka mochari.

Fundi mmoja akanisalimu. Alikuwa mgeni, si wa kijiji chetu.

"Oyawore, Mama. Unatafuta nani?"

"Nilikuwa napita tu. Namjua mwenye hii nyumba."

"Aa! Mwalimu?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Si mnajua vile hali iko. Watu husema alikuwa mama mkali sana, lakini mzuri. Alikuwa anachapa, lakini watoto walikuwa wanapita."

Alikuwa. "Amekufa?"

"Hapana, hapana, bado. Lakini sisi tuliambiwa tumalize kabla mvua haijashika. Watu watakuwa wengi. Hii gate, lori ya viti ilikuwa haiwezi kuingia." Akanitazama vizuri. "Mama, kaa hapa kwa kivuli, unakaa mgonjwa."

Nikakaa. Akaniletea maji kwenye kikombe changu mwenyewe, kutoka kabati yangu mwenyewe, akanionyesha mahali alipopanga kusawazisha ardhi kwa ajili ya mahema. Alikuwa kijana mwenye adabu na kazi yake ilikuwa nzuri, siwezi kumlaumu. Nikamuuliza nani alichagua rangi. Akasema wenyewe, watoto. Nikamwambia mwalimu hangeipenda. Akacheka, "Sasa yeye ataiona wapi?"

Nikampigia Akinyi pale pale. Hospitali walikuwa wameshamwambia sikufika, alikuwa analia kabla sijasema kitu. Nikamwambia maneno machache: "Niko kwenye matanga yangu. Njoo, umechelewa."

Fundi alinitazama, akatazama nyumba, akanitazama tena. Akaiacha koleo ikaanguka. Yule mwenzake alikuwa ameshatoka langoni.

Akinyi alifika mchana huo akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alimweka Ochieng kwenye spika ya simu, juu ya meza, kati yetu. Harufu ya rangi ilinikohoza, na kila nikikohoa alitaka kuinuka, nami nikamwashiria akae.

"Nimepima kwingine," nikasema. "Namba yangu ni mara mbili ya ile unayoniambia. Daktari aliwaambia nini?"

"Mama, Nyasaye ni shahidi yangu, namba inashuka. Ile nilikuambia ndio hiyo."

"Na hii nyumba?"

Ochieng akakohoa huko Nairobi. Mara moja tu, lakini nilijua.

"Mama, ile siku ya kwanza," akasema, "kabla dripu haijaanza, daktari alituambia ugonjwa umeenda mbali. Ati na umri yako, inawezekana dawa ikushinde. Baba mdogo akaita mkutano. Akasema mke wa ndugu yake hawezi kulazwa kwa nyumba yenye inavuja, na gari haiwezi hata kuingia. Ni aibu. Tukachangana. Fundi akaanza."

"Halafu namba ikashuka," Akinyi akasema.

"Halafu mkasimamisha kazi?"

Akinyi akaangalia miguu yake. "Fundi alikuwa ameshatoa mabati, Mama. Hatungeacha nyumba bila paa. Halafu baba mdogo akasema ni mkosi kuacha nyumba ya mgonjwa nusu. Halafu... hatukujua tutakuambia aje. Ati tulikuwa tunakutengenezea matanga lakini sasa umepona kidogo?"

Nilikasirika. Sitaki kukudanganya kwamba nilielewa haraka. Nilimwambia mambo ambayo mama hapaswi kumwambia mwanawe, kwamba amenizika mara mia huku akinipikia mayai, na Ochieng kwenye simu akasema, "Mama, please," na nikamwambia na yeye afute zile picha zote. Akinyi hakujitetea. Alilia bila sauti kama alivyokuwa akilia utotoni, midomo imekunjwa ndani. Mwishowe akasema, "Kila usiku nilikuwa nasikia ukikohoa kwa mto, Mama. Wewe pia ulikuwa unanificha." Nilimwomba anipikie uji.

Wiki ileile tulikwenda kwa daktari sote wawili. Niliweka majibu mawili mezani mbele yake, la hospitali na la maabara ya mjini, nikamwambia achague lipi ni la uongo. Hakukasirika. Aliyasoma yote.

"Yote ni ya kweli, Mwalimu. Mashine ni tofauti. Hii hupima kwa njia yake na hii kwa njia yake. Namba ya hapa unailinganisha na namba ya hapa peke yake, tangu ulipoanza."

Nikafikiri kidogo. "Unataka kusema ni kama mitihani ya majaribio ya wilaya mbili. Alama arobaini za huku si arobaini za kule."

"Hivyo hasa."

"Basi kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza. Na mimi sikufikiri utakwenda kwingine." Akatabasamu kidogo. "Sasa nawaambia wote."

Na wewe unayesoma nakuambia: damu yako ipimwe mahali pamoja, toka mwanzo hadi mwisho, na ukibadilisha mahali useme. Ile safari yangu ya ujanja na Mama Nafula ilinikosesha dripu moja, na mwezi huo kifua kilinibana kweli. Mama Nafula aliposikia alijipiga paja: "Kumbe hata mizani inaweza kuwa Mluhya na Mjaluo, kila moja na lugha yake!"

Lakini kulikuwa na swali moja bado, na nilimwuliza daktari siku ileile, Akinyi akiwepo. "Namba ikitoka, unamwambia nani kwanza?"

Daktari akamtazama Akinyi. Akinyi akatazama dirisha. Kumbe yule binti yangu alikuwa amemwomba tangu siku ya kwanza, habari yoyote mbaya ipitie kwake, mama ana presha, mama atakata tamaa. Na madaktari wanakubali, kwa sababu sisi wazee tunaonekana kama mzigo mwepesi wa kuvunjika. Nikamwambia daktari kwa heshima kwamba mwili ni wangu, sindano zinachomwa mimi, na kuanzia sasa niambiwe mimi kwanza, chumbani, mlango umefungwa, kisha nitaamua nimwambie nani. Nikamwuliza pia ukweli mzima. Akasema ugonjwa hautaondoka wote, lakini umerudi nyuma vizuri na wanaweza kuushikilia, kwa muda gani hajui. Nililia kidogo. Kisha nikalala usingizi mzuri kuliko miezi yote iliyopita, kwa sababu nilichokijua mimi ndicho walichokijua wao.

Nilimaliza dripu zangu mvua za chwiri, zile ndefu, zikiisha, mwaka uliofuata. Nywele zilirudi nyeupe na laini. Ganzi ya miguu haikuisha yote. Samaki nilirudi kwao polepole, kwanza mchuzi, kisha nyama ya mgongo. Nilihamia Asembo Bay kwenye nyumba yangu, nikampata yule fundi aliyeangusha koleo nikamwambia arudi aipake rangi ya maziwa, na alipofika alinisalimia kwa mikono miwili kama anayepima kama nina joto. Shemeji yangu, baba mdogo wao, hupita kunitazama akipitia lile lango pana, nami humkumbusha kwamba limejengwa kwa ajili ya gari langu na bado sijalinunua.

Sasa natolewa damu kila baada ya miezi michache. Mara ya mwisho, msimu wa sami tena, nilikuwa na kikohozi kipya. Nikuambie mapema usije ukashtuka: kipimo cha kurudia kilishuka na picha haikuonyesha kitu kipya, ilikuwa homa ya kifua tu. Lakini siku ile hatukujua hilo.

Daktari alifunga mlango. "Mwalimu, imepanda kidogo. Inaweza kuwa hiyo homa. Tutarudia, na tutapiga picha."

Nilimshukuru. Nikatoka nje kwenye ukumbi mrefu. Akinyi alikuwa ameketi mwisho wa benchi na mkoba wangu magotini, amevua viatu kwa sababu alikuwa amesimama kazini tangu asubuhi. Alikuwa amechoka. Nywele za kando zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na sikuwa nimeziona. Nilipokuwa nikimwendea nikagundua nimeshapanga uso wangu, nimeshaweka tabasamu, na neno liko tayari mdomoni, jepesi, tamu: imeshuka. Ningelisema na angelala usiku huo. Nilihisi vile linavyotoka kirahisi ukimpenda mtu.

Nikaketi kando yake.

"Imepanda kidogo," nikasema. "Wanadhani ni hii homa. Watarudia."

Hakulia. Alinitazama usoni kwa muda, akatazama macho yangu, kisha mikono yangu, kisha macho tena.

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Na hiyo ndio yote daktari alisema? Hakuna kitu umeacha?"

"Ndiyo yote."

"Apa, Mama."

"Naapa."

Akavaa viatu, akaniwekea mkoba magotini, akainuka kwenda kubisha mlango wa daktari aulize mwenyewe. Nikamwacha aende.